Waraka kwa Pamonti wa Pilake

Keti hapa, Malowitar, kivulini mwa ukuta,
wino wako usikauke kabla ya hasira yangu.
Andika kutoka kulia, kama ulivyofunzwa,
na utie vile vinukta kati ya neno na neno
yasije yakagombana njiani.

Mwambie: Mimi Takhideye wa Meroe,
mke wa mfua chuma, sasa mjane wa mfua chuma,
nimepokea mitungi ishirini na miwili.
Ishirini ni divai.
Miwili ni siki. Nimeionja mwenyewe,
na mbuzi wangu naye kaionja, akanitazama kama adui.

Mwambie nilituma majembe arobaini
yenye makali ya kunyolea kichwa cha kuhani;
majora tisa ya pamba, waliyoisokota mabinti wa Tameye
mpaka vidole vikaota sugu;
pembe mbili za ndovu kutoka kwa watu wa kusini
wasiojua lugha yetu, wala sisi yao.
Tunaelewana kwa vidole na kutikisa kichwa,
na hawajanipunja hata punje.
Wewe, Pamonti, unayesoma lugha tatu,
ndiye uliyeniuzia siki.

Usicheke, Malowitar. Andika.

Mwambie makaa yamepanda bei.
Zamani mgunga ulikatwa nyuma ya nyumba,
tanuri likiita, kuni zinaitika.
Siku hizi wachomaji huondoka na punda alfajiri
na hulala njiani mara mbili kabla ya kuuona mti.
Chuma kinakula msitu, nasi tunakula chuma.
Jembe lijalo atalilipia zaidi.

Husema huko kwao kwamba Meroe ni mwisho wa dunia.
Mwanangu ndiye aliyenisimulia, baada ya safari ya kwanza,
akacheka mpaka pombe ya mtama ikamtoka puani:
"Mama, kwa watu wa ng'ambo ya bahari
na hao wa Pilake nao ndio mwisho wa dunia!"
Kila mtu mwisho wake uko uani kwa jirani.

Hapo acha nafasi.
Hapana, usiache. Ngoja.

Kati ya mtungi wa kumi na nne na wa kumi na tano,
ndani ya majani makavu,
nilikuta pete ya jiwe, ile ya kidole gumba
ya mpiga upinde, imemeguka upande mmoja.
Aliimegua akiwa na miaka kumi na miwili,
akiwinda kanga. Alimkosa, akapiga mwamba.
Na viatu vyake, vimefungwa kwa kamba,
bado vina mchanga wa njia ile ya mkato
mto unapojipinda kurudi nyuma
kama mtu aliyesahau kitu.

Hayo usiyaandike.
Andika hivi tu: Vitu vimefika.

Mwambie namtumia kikombe kimoja,
udongo wake mwembamba kama ganda la yai,
kimechorwa vyura saba kuzunguka mdomo.
Si malipo, wala asikipange kwenye rafu.
Apande nacho mpaka pale walipomlaza Shatamoye,
amwage maji mengi,
aweke mkate mwingi,
aseme jina langu na la baba yake
kwa lugha yetu, hata ulimi ukimteleza.
Muandikie namna ya kuyatamka.

Malowitar, mbona umenyamaza?
Umeisha wino?

Mtoto wa jirani anateleza tena
juu ya lundo la mavi ya chuma, nguo imechanika,
anapiga kelele kama aliyeteka mji.
Ngoja nimfokee.

Haya. Na mwisho kabisa,
kwa herufi zako zile nene za hekaluni:
mitungi miwili, Pamonti.
Bado nakudai.